Riverdance na muziki wa asili wa Ayalandi: jukwaa limeuokoa au limeuua?

#1 Mpare wa Galway
Wakuu, salaam. Niko Galway mwaka wa saba sasa, kazi yangu ni kutunza wazee. Mwezi uliopita ndugu zangu walikuja kutoka Manchester, nikawapeleka Dublin kuona onyesho kubwa la dansi ya Kiayalandi. Wachezaji wengi wamejipanga mstari mmoja, miguu inapiga sakafu kama mvua ya mawe juu ya bati, taa, moshi, muziki mpaka kifua kinatetemeka. Watu wakasimama kupiga makofi. Nami nilisimama, sikatai.

Jumatatu nikarudi kazini. Kuna mzee ninayemhudumia, ana miaka themanini na kitu, zamani alikuwa mpiga fidla kijijini kwao Clare. Nikamsimulia onyesho lote. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniomba nimteremshie fidla iliyokuwa juu ya kabati. Vidole vimekakamaa. Akapiga kibao kimoja polepole mno, labda dakika mbili. Akaniuliza, "Huko ulisikia hiki?" Nikasema hapana. Akasema, "Basi."

Tangu siku hiyo sina raha na yale makofi yangu. Nadai hivi: yale ya jukwaani si muziki wa asili hata chembe, ni biashara iliyovishwa nguo za asili. Anayepinga aje na hoja.

#2 Kijana wa Kinondoni
Mkuu, hiyo Riverdance si ndiyo ya yule jamaa wa kifua wazi? Mjomba alikuwa na kaseti yake ya video, tuliiangalia mpaka picha ikaanza kukwaruza. Ilianza 1995, na jamaa ni mzaliwa wa Dublin. Sasa kama mtu wa huko huko ndiye aliyeitengeneza, uasili umepungulia wapi?

#3 Bint Malindi
Kinondoni, umechanganya mambo matatu. Riverdance ilionekana mara ya kwanza tarehe 30 Aprili 1994, kwenye mashindano ya nyimbo ya Eurovision yaliyofanyika Dublin, ukumbi wa Point. Ilikuwa kijazio tu cha dakika kama saba, kabla ya kura kutangazwa. Februari 1995 ndipo ilipofunguliwa kama onyesho kamili, ukumbi ule ule. Muziki ni wa Bill Whelan, mzaliwa wa Limerick. Waliocheza mbele ni Michael Flatley na Jean Butler. Flatley kazaliwa Chicago mwaka 1958, wazazi wake ndio waliotoka Ayalandi. Butler naye ni mzaliwa wa jimbo la New York.

Wa kifua wazi ni huyo huyo Flatley, ila kwenye Lord of the Dance, onyesho lake mwenyewe la 1996 baada ya kuachana na wale wa kwanza. Kaseti ya mjomba ilikuwa hiyo.

#4 Kijana wa Kinondoni
Ahsante dada, nimeshika. Kumbe nyota wote wawili ni Wamarekani! Mpare hapo kapata bao la bure.

#5 Mpare wa Galway
Sikulitafuta, lakini nalichukua.

#6 Fundi Fidla
Asalaam aleikum. Mimi nipo Unguja, napiga fidla kwenye kikundi cha taarab, na niliwahi kukaa Ennis, Clare, wiki tatu. Nieleze nilichokiona kwa macho ya mpigaji.

Kule baa jioni wapigaji wanakaa kuzunguka meza. Wenyewe wanaita sesheni. Fidla, filimbi ya mbao, filimbi ya bati, akodiani, kinanda kidogo cha mkononi wanachokiita konsatina, pengine ile zumari yao ya mfuko, ambayo upepo wake hujazwa kwa mvukuto wa kiwiko na si kwa mdomo. Wanatazamana wao kwa wao. Wasikilizaji wamepewa mgongo. Kibao cha kuchezea kwa kawaida kina sehemu mbili, kila sehemu hupigwa mara mbili, kisha kinarudiwa chote mara mbili au tatu, halafu wanaingia kibao kingine bila kusimama. Wote wanafuata mahadhi yale yale. Hakuna aliyepangiwa sauti yake. Lakini kila mmoja anatia nakshi zake, huyu anakata noti kwa kidole, yule anaizungushia noti nyingine mbili, na mara ya tatu hapigi kama alivyopiga ya kwanza. Mtu wa taarab anaielewa hali hii mara moja: fidla, udi na ganuni njia moja, kila mmoja na mwendo wake.

Onyesho la jukwaani haliwezi kwenda hivyo. Mchezaji anahitaji kujua sekunde gani mguu unashuka, mtu wa taa naye anahesabu, basi kila noti imeshafungwa mapema. Yule Whelan tena alitia midundo ya kuhesabu kwa shida, ya Balkani, maana aliwahi kushughulika na muziki wa Bulgaria na Masedonia pamoja na wanamuziki wa Ayalandi, Andy Irvine na Davy Spillane. Ni kazi ya ufundi mkubwa na nampa heshima yake. Ila ni utunzi wa mtu mmoja, umeandikwa, una mwenyewe. Kibao alichopiga mzee wa Mpare hakina mwenyewe.

Kwangu mimi pesa ni swali la baadaye. La kwanza ni mpigaji anamtazama nani.

#7 Mama wa Tallaght
Hamjambo wenzangu. Mimi ni Mkenya, niko Dublin, na binti yangu wa miaka kumi anacheza hii dansi tangu akiwa na sita. Aliiona kwenye televisheni, hiyo hiyo Riverdance mnayoipiga mawe, akaanza kugonga miguu jikoni mpaka majirani wa chini wakaja mlangoni. Darasani kwao kuna mtoto wa Kinaijeria, wa Kipolandi, wa Kibrazili. Bila lile onyesho mtoto wangu angepita wapi kuifikia ngoma ya nchi aliyozaliwa? Baba yake hana fidla juu ya kabati, wala babu yake hakutoka Clare.

Nisichokipenda nitakisema pia. Wigi la nywele za mawimbi, rangi ya kahawia ya kupaka miguuni, gauni la mashindano ambalo likiwa jipya linaweza kuzidi euro elfu moja, na mtoto hakui? Anakua! Mwaka unaofuata halimtoshi. Hapo nakubali biashara imeingia. Lakini biashara hiyo iko kwenye mashindano, si kwenye jukwaa la Riverdance. Kule jukwaani wasichana walicheza na nywele zao wenyewe na kigauni kifupi kisicho na urembo.

#8 Mpare wa Galway
Mama wa Tallaght, shikamoo. Hoja ya mtoto naipokea, imenigusa. Lakini umetetea dansi, mimi nalia na muziki. Huyo binti akicheza mashindanoni, nani anampigia muziki?

#9 Mama wa Tallaght
Marahaba. Mashindano madogo kuna mtu wa akodiani au kinanda, anakaa pembeni siku nzima anarudia vibao vile vile, na anavipunguza mwendo ili watoto wajaze hatua nyingi zaidi. Darasani ni spika na simu. Ndiyo, hapo umenishika kidogo.

#10 Msomaji wa Limerick
Nasoma hapa Limerick na nimekaa na mada hii muda mrefu, niruhusuni niwe na maneno mengi.

Mleta uzi anachukulia kwamba kulikuwa na kitu safi, kikaja kikachafuliwa mwaka 1994. Tuanze na vibao vyenyewe. Rili, aina ya kibao cha haraka cha kuchezea, ilitoka Uskoti. Honipaipu, aina nyingine, ilitoka Uingereza. Polka, ambayo watu wa Kerry na Cork wataapa ni yao, ilitoka Bohemia karne ya 19. Zile dansi za seti za watu wanane zilitokana na kadrili za Kifaransa. Vyote vimekaa, vimepikwa upya, vimekuwa vya Kiayalandi kweli kweli. Lakini vilikuja.

Neno céilí, yaani hafla ya dansi: ya kwanza ya hadharani kwa jina hilo iliandaliwa London mwaka 1897 na wanachama wa Conradh na Gaeilge, chama cha kufufua Kigaeli, lugha ya asili ya Ayalandi, kilichoundwa 1893. Watu hao walitaka taifa lao lionekane na adabu mbele ya Waingereza, basi wakachagua dansi gani ni "ya kwetu" na ipi ni "ya kigeni", na seti za kijijini wakazitupa nje ingawa wanakijiji wenyewe walizipenda. Baadaye ikaundwa tume ya kusimamia dansi, ikatoa vyeti vya walimu na waamuzi. Hapo ndipo kanuni zilipokazwa.

Kisha ikaja sheria ya kumbi za dansi ya 1935. Serikali na maaskofu walitaka dansi zote za hadharani ziwe na kibali cha mahakama. Sheria haikutaja wazi dansi za jikoni kwa mtu, ambako jirani alileta fidla na watu wakacheza mpaka alfajiri, lakini kuna maeneo polisi na mapadri waliitumia kuzivunja hizo nazo. Muziki ukahamishwa kutoka jikoni kwenda ukumbini. Ukumbi mkubwa fidla moja haisikiki, kwa hiyo zikastawi bendi za céilí zenye piano, akodiani na ngoma za vijiti. Mwanamuziki Seán Ó Riada alizichukia bendi hizo hadharani kwenye vipindi vyake vya redio mwaka 1962. Leo hizo bendi ndizo watu wanaziita za asili!

Swali langu kwa Mpare: asili yako inaanza mwaka gani?

#11 Kijana wa Kinondoni
Mpare, mkuu, upo? Mbona kimya?

#12 Mpare wa Galway
Nipo, nilikuwa zamu ya usiku. Msomaji, historia yako nimeisoma mara mbili na nashukuru. Lakini angalia mifano yako. Polka ilikuja, ikakaa kwa watu, ikapigwa jikoni miaka na miaka mpaka ikabadilika mikononi mwao. Hiyo ni kama mhogo, ulitoka Marekani ya Kusini lakini nani atamwambia bibi yangu kwamba makopa si chakula cha kwao? Onyesho la jukwaani halikukaa kwa mtu yeyote. Lilitengenezwa na watayarishaji wa televisheni, likauzwa tiketi. Na hata hivyo sesheni za baa zipo palepale, tangu enzi na enzi. Huo ndio mwaka wangu.

#13 Mzee wa Kentish Town
Vijana, hapo kwenye baa nisahihishe kidogo. Mimi ni mtu wa Tanga, nimeishi London tangu 1978, na miaka yangu ya kwanza nilifanya kazi za ujenzi pamoja na Waayalandi wengi, wanaume wa Mayo, Sligo na Connemara. Wazee wao waliniambia wazi: kwao hakuna aliyekuwa anapiga muziki baa. Muziki ulikuwa nyumbani, au kwenye njia panda wakati wa kiangazi, na ulikuwa wa kuchezea. Walipokuja kujenga London baada ya vita, kila mtu alipanga chumba kimoja, na mwenye nyumba hataki kelele. Wakakutania wapi? Baa. Camden Town, Kentish Town, Holloway. Kule Bedford Arms, Camden, Michael Gorman wa Sligo alipiga fidla na Margaret Barry aliimba na banjo yake, miaka ya hamsini. Sesheni mnayoiona leo mtindo wake ulikomaa humo, wageni wamekaa mezani na baridi iko nje. Ndipo ikarudi kwao.

Niliikuta hali hiyo mwishoni mwishoni. Ijumaa, mishahara imetoka, buti bado zina saruji. Jamaa mmoja wa filimbi alikuwa haongei na mtu kazini wiki nzima. Akiishika ile filimbi, watu wazima walikuwa wanainamisha vichwa. Hakuna aliyelipa kiingilio.

#14 Bint Malindi
Mzee, shikamoo na ahsante sana. Bandiko hili lingebaki peke yake lingetosha.

#15 Mzee wa Kentish Town
Marahaba binti.

#16 Ngumbaru
Nami nitie neno. Nilipika miaka mitatu kwenye hoteli moja huko magharibi ya Ayalandi (jina naliacha), kila usiku kulikuwa na chakula cha watalii na muziki. Mabasi yanashusha watu saa moja, saa tatu wameondoka. Wapigaji walikuwa vijana hodari, lakini waliandikiwa karatasi: vibao vya haraka, visivyozidi dakika tatu, nyimbo za polepole za Kigaeli hapana kwa sababu wageni wanasinzia. Siku moja dada mmoja mpiga kinubi alipiga wimbo mrefu wa huzuni. Jikoni sote tuliacha visu. Meneja akamwambia asirudie.

Wakimaliza, vijana wale wale walikuja jikoni, wanakula mabaki ya nyama, wanapiga vingine kabisa mpaka saa saba usiku. Watu wale wale, vyombo vile vile. Kwa hiyo mimi siamini kwamba jukwaa linamharibu mpigaji. Linamgawa vipande viwili.

#17 Fundi Fidla
Ngumbaru, hiyo ya meneja nimeiona huku huku hotelini Unguja. Tunaambiwa beti tatu tu, sauti ya chini, wageni wanakula. Wimbo wa taarab uliofungwa vizuri beti tatu haujafika hata nusu ya njia. Wazee wa Ikhwani Safaa, kikundi cha tangu 1905, walipiga kwenye harusi mpaka kulipopambazuka.

#18 Kijana wa Kinondoni
Fundi, modern taarab nayo uisemeje? Kinanda kimoja cha umeme kimemeza bendi nzima.

#19 Fundi Fidla
Hilo lifungulie uzi wake, tutakesha. Turudi Ayalandi.

#20 Bint Malindi
Nirudi kwa Mpare na bao lake la Wamarekani. Huwezi kuitoa Marekani kwenye muziki huu, mkuu. Mkusanyaji mkubwa wa vibao hivi alikuwa Francis O'Neill, mtu wa Cork aliyekuja kuwa mkuu wa polisi wa Chicago. Mwaka 1903 alitoa kitabu chenye vibao 1,850, na 1907 kingine chenye 1,001, ambacho wapigaji wa hata kijijini wakakiita "kitabu" bila jina lingine. Polisi huyo aliwatafutia wapigaji wahamiaji ajira kwenye jeshi lake ili wasipotee!

Halafu Michael Coleman wa Sligo, alihamia New York, akarekodi sahani za santuri miaka ya ishirini. Sahani zikatumwa nyumbani ndani ya vifurushi. Vijana wa Clare, wa Kerry, wa Donegal wakaanza kupiga kama mtu wa Sligo. Upande wa sahani ulikuwa na nafasi ya dakika tatu hivi, basi vibao viwili viwili vikaungwa kujaza dakika hizo, na mpangilio ule ukageuka sheria. Kama kuna kitu kilichopunguza mitindo ya kila wilaya, mimi naishtaki santuri kabla ya Riverdance. Na santuri pia ilikuwa biashara, iliuzwa kwa wahamiaji wenye hamu ya kwao.

#21 Msomaji wa Limerick
Naunga mkono Bint, na naongeza mshtakiwa wa pili: mashindano. Comhaltas, chama cha wanamuziki kilichoanza Mullingar 1951, kimeokoa mengi, hilo halina ubishi. Tamasha lake la Fleadh linavuta watu wengi ajabu. Lakini ukiwa na waamuzi na alama, mtoto atapiga kile kinachopewa alama.

#22 Mpare wa Galway
Sasa mmeleta washtakiwa wanne: tume ya dansi, sheria ya 1935, santuri, mashindano. Na wangu wa tano. Nani aliyeua?

#23 Ngumbaru
Umeuliza aliyeua. Maiti iko wapi? Wewe mwenyewe umemsikia mzee akipiga.

#24 Mama wa Tallaght
Ngumbaru umeongea!

#25 Mzee wa Kentish Town
Polepole. Mzee anapiga peke yake, chumbani, kwa mtu wa Upare. Wajukuu wake wako wapi? Msishangilie haraka.

#26 Mpare wa Galway
Mzee, umesema nililoshindwa kulisema. Wajukuu wanakuja Jumapili. Mmoja anacheza dansi ya mashindano. Sijawahi kumwona akimwomba babu ampigie.

#27 Kijana wa Kinondoni
Samahani nitoke nje kidogo ya barabara. Kwa nini mikono wanaibana hivyo? Ngoma gani mtu anacheza kuanzia kiunoni kwenda chini, juu amekuwa mlingoti?

#28 Mama wa Tallaght
Mwalimu wa binti yangu anasema ni mapadri, hawakutaka wavulana na wasichana washikane.

#29 Msomaji wa Limerick
Hiyo husemwa sana, lakini mimi naona inatoka nyuma zaidi, kwa walimu wa dansi wa karne ya 18 waliokuwa wanazunguka vijiji. Walijivunia hatua ngumu na mwili uliotulia kama wa mabwana wa Kifaransa. Mcheza hodari alichezea juu ya mlango uliong'olewa kwenye bawaba na kulazwa chini, ili miguu isikike.

#30 Bint Malindi
Na juu ya mlango mmoja, mikono utaitupa wapi utaanguka. Mimi naona ni nafasi tu. Jiko dogo, watu wamejaa.

#31 Fundi Fidla
Mbona watu wa Connemara basi jiko lao dogo vilevile na mikono inaelea? Niliona dansi yao ya sean-nós, maana yake mtindo wa zamani. Mchezaji yuko chini karibu na sakafu, mwili umelegea, anajibu kibao papo hapo, hakuna hatua mbili zinazofanana. Nadhani waliobana mikono ni waamuzi wa mashindano, kwa sababu mwili uliosimama wima ni rahisi kuuhukumu.

#32 Kijana wa Kinondoni
Niliuliza moja nimepewa nne. Na Flatley aliyeifungua mikono jukwaani alikuwa anaharibu au anarudisha?

#33 Msomaji wa Limerick
Ndiyo maana ubishi huu haujaisha kwao wenyewe. Mwaka 1996 uliitishwa mkutano Dublin kujadili mapokeo na mabadiliko kwenye muziki huu, ukiitwa Crosbhealach an Cheoil, njia panda ya muziki. Tony MacMahon, mpiga akodiani wa Clare na mtayarishaji wa vipindi, alisimama upande wa Mpare kwa ukali. Mwaka mmoja kabla alikuwa amebishana na Mícheál Ó Súilleabháin kwenye televisheni juu ya mfululizo uliokuwa unasifu mabadiliko. Ó Súilleabháin alikuwa mpiga piano na profesa hapa Limerick, aliona muziki kama mto unaosonga. Wote wawili wamefariki. Waliupenda muziki ule ule.

#34 Bint Malindi
Halafu msisahau kulikuwa na jukwaa kabla ya jukwaa. Kikundi cha The Chieftains kilianza 1962, wakapeleka zumari na fidla kwenye kumbi za heshima za dunia, wakakaa kwenye viti, hakuna moshi. Na kule Kerry kuna Siamsa Tíre, jumba la sanaa za asili la taifa, lililoanzishwa na padri, Pat Ahern, mwaka 1974. Vijana walifundishwa kijijini Finuge hatua za mwalimu wa dansi wa kaskazini ya Kerry, Jeremiah Molyneaux, ndipo wakapanda jukwaani na kazi za shambani zikawa ndani ya mchezo. Tiketi zinauzwa. Jukwaa lipo. Sasa Mpare, hilo nalo ni biashara iliyovishwa nguo?

#35 Mpare wa Galway
Hilo sijaliona. Wakitoka Finuge kweli na kurudi Finuge, siwezi kuliita hivyo.

#36 Kijana wa Kinondoni
Mwamba unaanza kupata ufa, heheh.

#37 Ngumbaru
Ngoma ikivuma sana hupasuka, wakuu. Haya maonyesho makubwa yatapita.

#38 Mama wa Tallaght
Ngumbaru, imevuma tangu 1994 na ngozi bado imewambwa. Wajapani wanakata tiketi, Wachina wanakata tiketi.

#39 Mzee wa Kentish Town
Kuna methali nyingine: mcheza kwao hutunzwa. Nimeikumbuka kwa ajili ya Joe Heaney. Huyu alikuwa mwimbaji wa sean-nós kutoka Carna, Connemara. Nyimbo hizo huimbwa bila chombo chochote, mwimbaji anafumba macho, na pengine msikilizaji aliye karibu humshika mkono na kuuzungusha polepole wimbo unavyokwenda. Alijua nyimbo mamia. Kwao hakuwa na cha kula. Akahamia New York, akawa bawabu wa kufungua milango ya jengo la matajiri. Wamarekani ndio waliompa nafasi ya kufundisha na tuzo ya taifa mwaka 1982. Akafa Seattle, 1984, miaka kumi kabla ya hilo jukwaa lenu.

Kwa hiyo mtu akiniambia zamani palikuwa safi hapakuwa na pesa, namwambia pesa ndiyo iliyokosekana, na mwenye nyimbo akafungua milango.

#40 Fundi Fidla
Hapa nimekaa kimya kidogo kabla ya kuandika. Mzee, umenigeuza nusu. Kijana wa Ayalandi leo anaweza kulipa kodi ya nyumba kwa kupiga filimbi, na sehemu ya mlango huo ilifunguliwa na maonyesho. Ila bado nasema anachokipiga kwa ajili ya kodi si anachokipiga jikoni kwa Ngumbaru.

#41 Ngumbaru
Na wale wa sesheni za baa msidhani ni sadaka. Baa nyingi zinawalipa wapigaji wawili watatu wa kuishika meza, wengine wanajiunga bure.

#42 Mpare wa Galway
Ngumbaru, kweli? Ile ninayokwenda kila Jumanne?

#43 Ngumbaru
Muulize mwenye baa.

#44 Bint Malindi
Jambo la kuwatia moyo wanaoomboleza: ile zumari ya kiwiko, mwaka 1968 wapigaji waliobaki walikuwa wachache mno, wakaunda chama chao cha Na Píobairí Uilleann wafundishe watu kupiga na kuitengeneza. Mwaka 2017 UNESCO imeiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Haikuokolewa na jukwaa wala na kukataa jukwaa. Watu walikaa chini wakafundishana.

#45 Kijana wa Kinondoni
Na banjo je? Mzee ameitaja #13. Si chombo cha Kizungu hicho?

#46 Msomaji wa Limerick
Mizizi yake ni Afrika Magharibi, mkuu. Waafrika waliochukuliwa utumwani waliiunda upya kule Amerika, ikavuka kuja huku karne ya 19. Barney McKenna wa kikundi cha The Dubliners ndiye aliyeeneza miaka ya sitini namna ya kuifunga nyuzi nne kama za fidla, ila oktava moja chini. Leo sesheni bila banjo watu wanaona pengo.

#47 Mama wa Tallaght
Hiyo nitamwambia binti yangu leo leo.

#48 Mpare wa Galway
Narudi na habari. Nimemwuliza mzee jina la kile kibao. Kasema alikipata kwa jirani yao, na jirani hakuwahi kukitaja jina. Jumapili nilimwambia yule mjukuu mchezaji kwamba babu anapiga. Akashangaa, alidhani aliacha zamani. Akavua viatu vya ngoma, akasimama na soksi. Mzee alipiga rili, binti akaikosa, mwendo ulikuwa wa polepole kuliko aliouzoea, au nakshi zilimpoteza, sijui. Wakacheka wote. Akajaribu tena.

#49 Fundi Fidla
Mpare, kirekodi hicho kibao kwa simu, unitumie. Nitakikariri.

#50 Mpare wa Galway
Nilimwomba. Kakubali kupiga, kakataa kisiwekwe popote. Kasema anayekitaka aje asikilize.

#51 Msomaji wa Limerick
Lakini akiondoka nacho? Kuna hifadhi ya muziki wa asili Dublin, ipo tangu 1987, wangekitunza vizuri. Mshawishi.

#52 Mzee wa Kentish Town
Msimshawishi. Ni chake.

#53 Bint Malindi
Si #6 tuliambiwa hakina mwenyewe?

#54 Fundi Fidla
Bint, umenibana haki. Mpare, basi usirekodi. Siku akipiga nipigie simu, muulize kama hilo anaruhusu, nisikilize tu.

#55 Mpare wa Galway
Nimeuliza, kakubali. Kauliza Zanzibar ni wapi, nikamwonyesha kwenye ramani. Alhamisi saa tisa mchana za huku, kwako itakuwa saa kumi na moja jioni.

#56 Fundi Fidla
Saa kumi na moja. Fidla itakuwa mkononi.